Kitanda cha Mtoto wa Jaa

Juzi mjukuu wangu alinishika mkono akanipeleka mjini Kakamega kuchagua kitanda cha mtoto. Ana mimba ya miezi saba, na kama vijana wote wa siku hizi anataka kila kitu kiwe tayari kabla mwenyewe hajafika. Kando ya barabara mafundi wamevipanga vitanda juani, vingine vya rangi ya waridi, vingine vya samawati, na kimoja kimechorwa sungura anayefanana zaidi na paka. Nilipitisha kidole kwenye pembe, pale ubavu unapokutana na mguu, kwa mazoea tu, nikakuta misumari mitupu. Mjukuu akaniuliza, "Nyanya, mbona unalia?" Nikamwambia ni vumbi. Kakamega ina vumbi la kutosha, kwa hiyo hakubisha.

Wewe lakini tumejuana siku nyingi, wewe sitakudanganya. Keti nikueleze habari ya kitanda kimoja kizuri na kingine kibaya, na mtoto mmoja aliyetakiwa kuvilalia vyote viwili.

Baba yangu alikuwa seremala. Kazi alifunzwa na wamisheni angali kijana, na karakana yake ilikuwa nyuma ya nyumba yetu, ukitoka mjini kuelekea Malava. Ilikuwa banda la mabati lisilo na ukuta upande wa mbele, na ndani yake mimi nilikulia. Nikifumba macho sasa hivi nasikia randa ikipita juu ya mvule, shwaa, shwaa, halafu kimya kidogo baba akipuliza maranda, halafu shwaa tena. Maranda tulikokea moto asubuhi, ndiyo maana uji wetu ulikuwa na harufu ya mti. Kazi yangu mimi ilikuwa gundi. Siku zile gundi haikununuliwa ndani ya chupa. Ilikuwa vipande vigumu vya rangi ya sukari guru, vilivyotoka kwenye ngozi na kwato, navyo niliviyeyusha ndani ya kopo lililowekwa katika sufuria ya maji moto. Ilinuka vibaya, wee! Wenzangu shuleni walinikwepa. Lakini baba alisema msumari ni wa mtu mwenye haraka. Yeye alichonga ulimi kwenye ubao huu na tundu kwenye ubao ule, vikapakwa gundi na kukazwa, na kuanzia hapo havikuachana.

Mimi ndiye kifungua mimba, na walionifuata hawakukaa. Watatu walizaliwa wakaenda, mmoja hata jina lilikuwa halijamkaa vizuri. Kila mmoja baba alimtengenezea kitanda chake, chenye vifito laini pembeni na ua dogo lililochongwa kichwani, na pamoja nacho kigoda cha mama cha kunyonyeshea na kikasha cha nguo. Watu walikuja kuvitazama vitanda hivyo hata kabla ya kumtazama mtoto. Mtoto akiondoka, nyanya, mama yake baba, alivitoa nje vyombo hivyo mwenyewe na hatukuviona tena. Hatukuuliza vilikwenda wapi.

Mama aliposhika mimba tena ulikuwa mwaka wa bendera, mwaka wa Uhuru. Mji mzima ulikuwa mbioni. Shuleni tulifundishwa kupiga gwaride, na baba alikuwa akiunda viti vya jukwaa la wakubwa. Nyanya alimjia karakanani jioni moja, akasimama kwenye maranda na fimbo yake.

"Huyu anayekuja usimtengenezee kitu," akasema.

"Mama, mtoto atalala wapi?"

"Wewe unawakaribishanga kama machifu. Unafikiri kifo hakina macho? Kinapita njiani, kinaona kitanda kinang'aa, kinasema humu kuna kitu kizuri. Huyu atakuwa mtoto wa jaa."

Huenda kwenu mila hii haikuwapo, basi nikufahamishe. Nyumba iliyopotelewa na watoto mfululizo, mtoto anayefuata alichukuliwa kama takataka. Alivikwa matambara, hakusifiwa, na alitupwa jaani kwenye majivu na maganda ya ndizi, ili kifo kikipita kione wenyewe hawamtaki. Halafu mwanamke mwingine alimwokota. Kuanzia hapo mtoto ni wake, na mama aliyemzaa anamnyonyesha tu, kama kibarua. Akiota meno na kutembea kwa miguu yake, baba yake huenda kwa aliyeokota na kuku, anamkomboa, na mambo yanakwisha kwa kicheko na ugali. Jina lake linakuwa Makokha, yaani jaa lenyewe. Wako wengi, utakuwa umekutana nao, na wengi wao ni watu wazima wenye wajukuu.

Baba alikuwa mtu wa kanisa na hakuyapenda mambo hayo. Lakini mtu aliyezika watoto watatu hana ubishi mwingi. Alikubali, ila akaomba kitu kimoja: mtoto asilale chini. Nyanya akasema sawa, atengeneze kitanda, lakini kiwe kibaya.

Hapo ndipo tulipocheka, na nafurahi kukumbuka kwamba tulicheka. Fundi yule alishindwa kabisa kutengeneza kitu kibaya. Alichukua mbao za masanduku ya mizigo yaliyoachwa na Mzungu mmoja aliyekuwa akifunganya kurudi kwao, mbao mbovu zenye herufi nyeusi ubavuni. Akazigongomea bila kupima. Nyanya akaja, akakitikisa kitanda, kikakataa kutikisika. "Hiki ni cha mfalme," akasema, "rudia." Baba akakivunja, akakiunda upya huku akiangalia pembeni, na bado kikasimama sawa. Mikono yake haikujua njia nyingine. Mara ya tatu alitupa nyundo chini, akanitazama, akasema, "Njoo, mama. Gonga wewe."

Basi nikagonga. Nilipinda misumari, nilipasua mbao, niliuponda ukucha wangu wa kidole gumba ukatoka. Kitanda kikatokea kimeegemea upande kama mlevi, mguu mmoja mfupi, ukawekewa jiwe. Nyanya alipokiona alipiga vigelegele vya chini kwa chini, maana kusifu kulikatazwa. Sijapata kujivunia kazi ya mikono yangu namna ile.

Lakini baba, moyo wake haukutulia. Nilianza kuona vipande vya mvule vikining'inia kwenye kenchi za karakana, vimepigwa randa na msasa mpaka vinateleza. Vifito vyembamba. Miguu minne. Ubao wa kichwani, wenye kindege badala ya ua. Kila kipande kilikuwa na ulimi wake au tundu lake, na hakuna vilivyounganishwa. Nyanya alipouliza ni nini, baba alijibu, "Mbao tu, mama." Na alisema kweli. Kabla ya gundi, zilikuwa mbao tu. Mchana akiwa hana mteja alizishusha, akazipangusa kwa kitambaa, akazirudisha.

Mtoto alizaliwa bendera ikiwa bado mpya mlingotini. Nyanya alifurahi sana kwa hilo, akasema kifo nacho kitakuwa kimeenda kutazama bendera. Alikuwa mvulana. Alfajiri ilipopambazuka nyanya alimfunga kwenye kipande cha gunia, akamlaza jaani nyuma ya mgomba, akaondoka bila kugeuka. Mara akatokea jirani yetu na kikapu, eti anapita kwenda sokoni. Jirani huyu yeye na mumewe hawakuwa na mtoto, na alikuwa mtu wa maneno machache, mwenye kicheko cha kuziba mdomo kwa mkono.

"Nani ametupa kitu hapa?" akapaza sauti, kama alivyoagizwa. Akamwokota, akapangusa majivu shavuni, akaja mlangoni kwetu. "Nimeokota kitoto. Mama, una maziwa? Ninyonyeshee."

Mama alijibu akiwa ameelekea ukutani. "Nitakunyonyeshea. Lakini si wangu."

Nilijua ni mchezo. Sote tulijua. Mama aliucheza vizuri kuliko sote, maana alikuwa na hofu kuliko sote.

Makokha akanenepa. Alilala kwenye kitanda changu kilichopinda, kwenye matambara, na hakuna aliyemsifu. Tulimwita mbaya, tulimwita panya, huku tukimla kwa macho. Baba alikuwa akimpita pasipo kusimama, halafu akifika karakanani anashusha zile mbao anazipangusa. Jioni, jirani alikuja "kumtazama mtoto wake," na kwa kuwa mchezo ulimruhusu, yeye peke yake ndiye aliyembusu, akamwimbia, akamwita mzuri. Sisi tulikaa kando tukila obusuma, ugali wetu, na mboga ya mrenda, tukitazama. Meno ya kwanza yakatoka. Akaanza kusimama ameshika vifito vya kitanda chake. Baba akamnunua kuku jike mweupe, akamfungia jikoni kumnenepesha, akingoja siku mtoto atakapopiga hatua.

Surua ikaingia kabla ya hatua hiyo. Siku hizi ni sindano tu, wala mtu hajui jina hilo linavyotisha. Wakati ule ilipita nyumba kwa nyumba. Mtoto wa nyumba iliyopakana na yetu alizikwa, na siku chache baadaye akazikwa ndugu yake. Kilio kilikuwa kikitufikia tukiwa mezani. Na kwa bahati, niite bahati, mume wa jirani alikuwa amepata kipande cha shamba kule Lugari, mashamba yaliyoachwa na Wazungu, na lori lao lilikuwa linapakia. Nyanya akasema, "Mwenye mali na aende na mali yake. Akae huko mpaka ugonjwa upite."

Mama akampakata mtoto. Alimnyonyesha muda mrefu, akampangusa mdomo, akamtoa. Kitanda kilichopinda kilipandishwa juu ya magunia, miguu juu. Jirani alimpakata mtoto mbele, karibu na dereva. Baba hakutoka nje. Alikuwa anapiga randa ubao, na alipoacha, ule ubao ulikuwa umekwisha wote, umebaki maranda. Mama alisimama barabarani kanga mdomoni mpaka lori halisikiki. Kisha akaenda nyuma ya mgomba, akalia pale, jaani, ambapo mtu aliruhusiwa kulia.

Surua ilipita. Ndipo hapo, rafiki yangu, tulipokosea, na ni kosa ambalo hata leo siwezi kumlaumu mtu. Habari zilikuja na wasafiri kwamba mtoto anatembea, anakunywa maziwa, hajaumwa hata mafua. Mama kila jioni alimuuliza baba, "Bado?" Baba akajibu, "Ngoja kidogo." Kwanza mvua ilikata barabara. Halafu nyanya akasema avunje kwanza mahindi. Halafu kukasikika kikohozi mtaani. Ukweli ni kwamba baba aliogopa. Mtoto alikuwa hai akiwa si wetu. Nani angethubutu kuharibu mchezo uliokuwa unashinda? Kuku mweupe alitaga, akaangua, akazeeka. Baba akanunua mwingine.

Hata ilipofika siku ya kwenda, Makokha alikuwa anakimbiza ndama na kutukana kuku kwa ulimi wake mwenyewe. Asubuhi tuliyoondoka baba alizishusha mbao zote. Nikayeyusha gundi. Akapaka kila ulimi, akaingiza kila tundu, akakaza kwa kamba, na mbele ya macho yangu zile mbao zikawa kitanda. Ndege akakaa kichwani. Kilikuwa kikubwa kuliko vyote vya zamani, maana kila mwaka baba alikuwa akibadilisha mbao za ubavu kwa ndefu zaidi, akiongeza vifito. Mama akatandika shuka jipya. Sijawahi kumwona mrembo kama asubuhi ile, na kiatu chake kimoja kilikuwa kimetoboka.

Jirani alitupokea Lugari vizuri kupita kiasi. Alikuwa amepika ingokho, yaani kuku, na ugali, maziwa mala yapo kwenye kibuyu, na nguo za mtoto zimefuliwa na kukunjwa mlangoni. Macho yake yalikuwa yamevimba, lakini alitimiza neno lake. Akapokea kuku, mumewe akishuhudia, akasema, "Nilichookota nimekirudisha kwa wenyewe." Kisha akaingia ndani, akajifungia.

Mama akafungua mikono. Mtoto alimtazama, akanitazama mimi, akamtazama baba, kisha akakimbilia mlango uliofungwa akaupiga kwa viganja. "Mama! Mama, kuna watu!" Baba akambeba. Tukaanza kwenda barabarani, na yeye analia. Sikuwahi kusikia mtoto akilia hivyo. Alimwuma baba begani mpaka damu. Alilia mpaka sauti ikakatika, akabaki anafungua mdomo tu. Baba akasema, "Twende. Atazoea." Mama akasimama katikati ya njia.

"Fundi," akasema, "huyu analia vile mimi nililia siku ya lori. Hakuna mtu aliyenisikia. Mimi namsikia."

Akamchukua, akageuka. Tulimkuta jirani ameketi chini kizingitini, kitambaa kimemtoka kichwani. Mtoto alimwangukia, akashika nguo yake kwa mikono yote miwili, akalala papo hapo kwa uchovu. Jirani alitaka kuturudishia kuku. Mama akakataa. Akamwambia, "Amekombolewa, ni wetu. Kaa naye mpaka atuzoee. Tutakujanga kila mara." Wahenga wanasema mchelea mwana kulia hulia yeye. Mama aliijua methali hiyo vizuri, alinifundisha yeye mwenyewe.

Na kweli tulikwenda. Lakini hebu fikiria, mtoto hukuzoea vipi ukimtembelea na zawadi kama padri? Kila mara alikuwa amekua, kila mara alitupa mkono kwa adabu zaidi. Kile kitanda nyumbani mama alikibadilisha shuka kila Jumamosi kwa muda mrefu, mpaka nyanya mwenyewe akaomba kitolewe, naye mke wa mwalimu akapewa. Ubavuni hakikuwa na mkwaruzo hata mmoja. Mama hakupata mtoto mwingine.

Baba alipata njia yake ya kumfikia. Alianza kwenda Lugari kufanya kazi. Alitengeneza mlango wa jikoni kwa jirani, halafu meza, halafu dawati la kijana la kusomea. Makokha alipokwenda shule ya bweni, sanduku la mbao aliundiwa na baba. Alipooa, kitanda cha ndoa kilitoka kwenye karakana yetu, mvule mtupu, hakina msumari. Alimshukuru sana. Alimwita Fundi. "Fundi, karibu chai. Fundi, mbona umepungua?" Alipokuwa mtu mzima, yule jirani, mama yake, alimketisha akamwambia yote, jaa, gunia, kuku. Nasikia alisema, "Nimesikia," akaenda kukamua ng'ombe. Baadaye alipokutana na baba alimsalimia kwa mikono miwili, akafungua mdomo kama anayetaka kusema jambo, kisha akasema, "Fundi, habari ya safari?" Baba akajibu ilikuwa njema.

Leo pale karakanani wanauza simu. Jaa hakuna, takataka zinazolewa na gari. Watoto wanazaliwa hospitalini, wanachomwa sindano, wanapigwa picha hata kabla ya kuoshwa, na picha inatumwa dunia nzima ione jinsi walivyo wazuri. Sisemi ni vibaya. Natamani mama angepata nafasi ya kumsifu mtoto wake kwa sauti hata asubuhi moja. Ila wasiniambie kwamba watu wa zamani walikuwa wajinga. Mtoto aliishi. Tulichokiomba tulipewa, na sijui kama tungejua bei yake tungeomba kitu kingine.

Siku tuliyomzika baba, ndugu yangu alikuja na watu wa Lugari, wakaketi kwenye hema la wageni. Mzee aliyeongoza mazishi akaita mtoto wa kiume wa marehemu atie udongo wa kwanza. Mama, ambaye macho yake yalikuwa yamefifia kwa uzee, aligeuza uso akalielekea hema lile. Ndugu yangu alikuwa amevua kofia, amesimama wima, na mabega yake ni ya baba kabisa. Alitazama huku na huku kama sisi sote, akingoja aone ni nani atakayejitokeza. Mwishowe binamu yangu akachukua jembe.

Baada ya chakula alinifuata nilipokuwa nakusanya vikombe. Alinishika mikono yote miwili, na macho yake yalikuwa mekundu kweli.

"Pole sana, dada," akasema. "Baba yako alikuwa mtu mzuri."

Nikamwambia asante kwa kuja.